Vumbi la Gunia Ni Mali ya Jeshi

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudishwa kazini! Dirisha lile lile, kiti kile kile chenye mguu unaocheza. Miaka yote nilikata tiketi za sinema pale, sasa nakagua kadi za unga. Ukumbi wetu umegeuzwa kituo cha mgao. Viti vimeng'olewa, askari wa kigeni wameviotea moto wakati wa baridi. Mbele, chini ya kitambaa cha picha, magunia yamepangwa mpaka karibu na dari.

Watu hawakosi la kusema hata kama tumbo ni tupu. Mzee mmoja kainama dirishani: leo mnaonyesha picha gani? Nikamwambia picha ya unga. Akauliza mwisho wake mzuri? Nikamjibu sijafika huko. Foleni nzima ikacheka. Askari wa mlangoni akakamata bunduki, akidhani anachekwa yeye.

Kadi zina rangi. Nyekundu ni za wanaowatumikia hawa wageni wetu wasioalikwa, pamoja na Kamati ya Mgao. Hao hupewa unga mweupe. Buluu ni za mafundi wa reli na umeme. Kijivu ni sisi wengine wote — unga wa manjano wenye pumba, na mchanga kidogo wa kusaga meno. Yangu kijivu. Ya mama mkwe kijivu. Ya binti yangu kijivu, tena nusu, eti mtoto hali sana. Waje waone!

Nikamwuliza mwenyekiti wa Kamati, mimi nafanya kazi hapa hapa, mbona kijivu? Akasema wafanyakazi tuwe mfano. Mfano wa nini, hakusema. Yake nyekundu.

Na huyo mwenyekiti ni nani? Sindano! Sindano fundi cherehani, aliyenishonea gauni la harusi na kulikosea mkono mmoja. Nilipomwona ameketi meza kuu na mhuri, nilisahau hata kumsalimu.

Jumatano, 5 Machi

Kazi yangu ya mwisho kila jioni ni kufagia na kukunja magunia matupu. Gunia la unga mweupe ukiligeuza ndani nje ukalikung'uta vizuri, linatoa vumbi. Kiganja kimoja. Likiwa na heri, viwili. Vumbi la gunia limekuwa la mfagiaji tangu stoo zianze kuwa stoo, hata wakati wa amani, wala hakuna aliyeliita wizi.

Nakung'utia kwenye kitambaa changu cha kichwa, najifunga, natoka. Mlinzi ananiaga. Nimebeba mkate kichwani mbele ya macho yake!

Nyumbani mama mkwe ananifungulia kitambaa polepole, kama anavua bendeji. Unga tunauhifadhi kwenye kopo langu kubwa la poda. Nani atafungua poda ya mwanamke? Mama mkwe anasema, bibi arusi gani huyu mwenye poda nyingi hivi, na bwana mwenyewe hayupo. Tukacheka. Bwana mwenyewe walimchukua kuchimba barabara tangu mvua zilizopita. Hakuna salamu, hakuna habari.

Jumamosi, 8 Machi

Jamani. Jamani!

Leo ametujia afisa wao. Kijana, msafi, viatu vinang'aa. Anaongea lugha yetu kama anayeisoma kitabuni, na kila sentensi ina "tafadhali". Tafadhali simameni. Tafadhali sikilizeni. Kuanzia leo magunia yarudishwe jeshini bila kukung'utwa. Unga uliobaki ndani ya gunia, hata vumbi, ni mali ya jeshi. Atakayekung'uta atakwenda gerezani. Tafadhali mmeelewa?

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Sindano, kama naye ameshtuka. Anapiga mhuri tu.

Mali ya jeshi! Walichukua reli, walichukua daraja, walichukua waume zetu. Nikasema sawa, ni vita. Lakini vumbi? Mtu mzima, ana mama yake mahali, ameamka asubuhi, amenyoa ndevu, amekuja kulidai vumbi!

Ukutani pale tulipokuwa tukibandika matangazo ya picha zijazo wamebandika tangazo lao. Atakayetoa habari za chakula kilichofichwa atapewa nusu ya chakula hicho, na kadi yake itapandishwa rangi. Watu walisimama wakalisoma kimya. Hakuna aliyefanya mzaha. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimeacha kukung'uta? Sijaacha. Nimekung'uta kwa hasira hata leo.

Jumapili, 9 Machi

Tumeoka. Mlango komeo, blanketi dirishani kuzuia harufu. Mikate midogo, myembamba, myeupe pe! Binti yangu alitafuna wa kwake akiwa amefumba macho. Meno ya mbele hana, anatafuna kwa pembeni kama mbuzi mzee. Nilicheka mpaka machozi.

Nikawaambia wote wawili, nikamwambia hata mama mkwe kwa heshima zote: unga huu hautoki humu ndani. Hakuna wa kuonja, wa kunusa, wala wa kusikia. Mtaa mzima unakula wa manjano, mweupe unajulikana. Mama mkwe akasema, mwanangu, mimi si mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Niandike nitulie.

Nimerudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe amefurahi. Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimletea bakuli la mboga za majani alizochuma kando ya reli. Vizuri, nikasema, Mungu ambariki. Bakuli lake liko wapi?

"Nimemrudishia."

Nikamwuliza, ulirudisha na nini?

"Na mikate miwili. Pacha wale wamekonda, hukuwaona?"

Mweupe! Amempa mikate myeupe, juu ya bakuli, kwa mkono wake, nje, mchana! Nilipiga kelele. Nilimpigia mama mkwe kelele, mimi ambaye sijawahi hata kumkatiza maneno. Nikamwuliza, hatukukubaliana? Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakunielewa, nikaona kabisa hakunielewa.

"Bakuli la mtu halirudi tupu," akasema. "Tangu nizaliwe sijarudisha chombo cha mtu kitupu. Ulitaka nimpe nini, majani yake mwenyewe?"

Ungempa chumvi! Ungempa asante! Ungesema bakuli limevunjika! Akasema asante haiwekwi ndani ya bakuli. Kisha akaenda kulala bila kula, na mimi nimebaki na aibu na hofu, sijui ipi kubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Pacha kapita dirishani kwangu na kadi yake ya kijivu. Hajambo, sijambo. Akasema mkweo ana mkono mtamu. Nikasema ndiyo. Nikasubiri aulize, hakuuliza. Kapokea wa manjano wake, kaenda.

Ni mtu wetu jamani. Nilimshika mkono alipojifungua wale pacha, taa zimekatika, mkunga hajafika. Ninajitisha bure.

Ijumaa, 14 Machi

Bado nashtuka mtu akigonga mlango. Alikuwa muuza kuni. Hana kuni. Amekuja kuuliza kama tuna kuni.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja.

Sindano mbele, afisa, askari wawili. Mama mkwe ndiye aliyefungua. Na Sindano — siamini niliyoyasikia kwa masikio yangu — Sindano akainamisha kichwa, "Shikamoo, Mama. Tumekuja kukupekua."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu."

Akavua! Mwenyekiti wa Kamati ya Mgao ametupekua na soksi iliyotoboka kidole. Askari hawakuvua. Wamepasua mto, wamekung'uta magodoro, wamemwaga maji ya mtungi wakaangalia ndani. Binti yangu alijificha kwenye sketi yangu. Nilikuwa naomba: wasifike kwenye meza ya kioo. Wakafika. Askari akafungua poda, akatia kidole, akaonja. Akacheka. Akamwonyesha mwenzake, naye akaonja.

Afisa akauliza, tafadhali, huu ni wa nani?

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasema ni wake, kwa sauti ya mtu anayeagiza sokoni: "Ni wangu. Niliufagia nyuma ya sinema, malori yanapopakua. Huyu mkwe wangu hajui kitu, hata jikoni kwangu haingii, mvivu huyu."

Mvivu! Hata hapo alipata nafasi ya kunisema.

Chini, nyuma ya mgongo wake, alikuwa ananifinya mkono kwa kucha. Nikanyamaza. Mimi gerezani, baba yake hajulikani alipo, mtoto abaki na nani? Nilihesabu haya yote haraka, nikanyamaza. Naandika hivi ilivyo, sijipambi.

Hawakumpeleka gerezani, mzee sana. Afisa akamwomba kadi yake, tafadhali. Akaichana vipande, akaviweka mfukoni kwake ili asichafue nyumba. Kisha akatueleza, taratibu, kama daktari: mtu asiye na kadi hana chakula. Anayemlisha mtu asiye na kadi, nyumba yake yote inapoteza kadi. Asanteni, samahani kwa usumbufu.

Samahani kwa usumbufu!

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandikeje ya leo.

Afisa ameleta kopo langu la poda kituoni. Akaliweka dirishani mbele yangu. Akasema pima nusu, tafadhali, kuna mwananchi mwema anakuja kuchukua zawadi yake. Nikapima. Unga niliokung'uta mwenyewe, vumbi kwa vumbi, na nywele zangu humo ndani — nikaupima kwa mizani.

Kisha akaja Mama Pacha.

Moyo ulikuwa unajua, lakini macho hayakutaka. Hakuniangalia. Alinyoosha mfuko. Sindano akampa kadi mpya ya buluu. Afisa akapiga makofi, peke yake.

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, wewe. Wewe!

Akasema, naye kwa sauti ndogo: "Wanaamka usiku wanaulizia ile mikate. Wewe ungefanyaje?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kulia. Nilifunga mfuko wake fundo zuri ili unga usimwagike, sijui kwa nini.

Nimemsimulia mama mkwe. Akasema, alaaniwe mama wa pacha wale. Na baadaye, tumeshazima taa: "Lakini hao watoto wamekula?"

Alhamisi, 20 Machi

Wamefunga kengele dirishani kwangu. Ni ile ile tuliyokuwa tukiipiga picha ikitaka kuanza. Amri mpya: asiye na kadi, au mwenye kadi ya kughushi, akifika dirishani nipige kengele. Nisipopiga, kosa ni langu na la nyumba yangu.

Leo nimeipiga. Mwanamume mmoja, kadi amejichorea kwa penseli ya rangi, rangi imemtoka vidoleni. Nilijaribu kumkonyeza aondoke. Hakuelewa, akatabasamu. Afisa alikuwa nyuma yangu anapumua shingoni. Nikapiga. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, ule wa dharura, wakampakia kwenye lori lililofunikwa turubai. Mkewe amekaa barazani pa sinema mpaka tumefunga. Lori likaenda upande wa machimbo. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka upande huo.

Nimeosha mkono huu. Nimeosha tena.

Ijumaa, 21 Machi

Nimegundua mchezo wa mama mkwe. Kila jioni nafunga mapazia, namgawia nusu ya mkate wangu. Mama Pacha ana masikio, kwa hiyo tunakula kimya, hata vijiko hatugusishi. Nilidhani anakula. Kumbe anatafuna mate! Anatafuna, anameza hewa, na nikigeuka anausogeza mkate kwenye sahani ya mjukuu. Binti yangu ndiye aliyemchongea: "Bibi hali, Mama. Ananipa mimi, ananiambia nisiseme."

Nilimshika mama mkwe mkono, kile kidole cha pete kimekuwa kijiti. Nikamwambia kwa machozi, Mama utakufa. Akasema, ukikamatwa unanilisha, mtoto atakufa. Chagua. Nikamwambia sichagui! Akasema ndiyo maana nakuchagulia.

Jumapili, 23 Machi

Ameamka ameoga. Amefua, amepiga pasi. Nikafurahi, nikadhani nguvu zimerudi.

Kumbe! Ananiambia kesho anakuja kupanga foleni.

Nikamwuliza na kadi ipi? Akasema bila kadi. Anasema hawezi kufa chumbani kama panya, watu wakadhani ni uzee. Kama ni kunyimwa, anyimwe mchana, watu wakitazama. Nikamweleza kengele. Nikamweleza lori, turubai, machimbo, yote. Nilipiga magoti jamani, magoti kabisa.

"Watampakia kikongwe kwenye lori, mbele ya foleni nzima?" akasema. "Wathubutu! Hata hao wana mama zao. Na watu wetu watakaa kimya? Huwajui watu wetu wewe."

Nikamwambia watu wetu ndio walioleta Sindano mlangoni. Akasema Sindano alivua viatu.

Alivua viatu, ndiyo, kisha akapekua! Mbona haoni? Kwake mtu aliyekuamkia amefunga mkataba. Hawezi kukuumiza. Ulimwengu wake wote umesimama juu ya hilo, nami nikalia. Akanifuta uso na kona ya kanga yake, akaniagiza: "Nikifika kwako usinijue. Uniulize kadi kama unavyowauliza wote. Na usijaribu kunificha."

Nimewaza kumfungia ndani. Nimeficha ufunguo. Nimeurudisha. Na mtoto wangu naye yumo humo ndani, mlango umefungwa, moto ukiwaka je? Nimewaza hata kuumwa kesho nisiende. Ataikuta kengele ile ile na mkono wa mwingine.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika hapa hapa dirishani, upande wa nyuma wa tiketi za zamani. Unga mezani umekwisha, wapagazi wamekwenda kuburuta gunia jingine. Afisa yuko nyuma yangu anakunywa chai. Akiniona naandika anadhani najumlisha kadi.

Amekuja. Mungu wangu, amekuja kweli! Lile koti lake la kijani, kichwa kimefungwa vizuri, mfuko mtupu umekunjwa kwapani. Amesimama mwisho kabisa wa foleni, kule kwenye duka la viatu lililofungwa. Nikashukuru. Nikasema foleni ndefu hivi, unga utakwisha kabla hajafika, au miguu itamshinda, atarudi nyumbani. Nikaanza kukagua kadi polepole. Nazigeuza, nazisoma mbele na nyuma, nauliza jina mara ya pili. Watu wananiguna.

Sikuwafikiria watu wetu.

Aliyekuwa mbele yake amegeuka, amemwona. Nimeona midomo yake: shikamoo, Mama, pita. Na aliyefuata naye akageuka. Pita, Mama. Pita, Bibi. Wanampisha! Mmoja baada ya mwingine, watu ambao juzi walipigana kwa sababu ya punje zilizomwagika chini, wanarudi nyuma hatua moja wanampisha mzee. Yeye anaitikia kila mmoja, marahaba, marahaba mwanangu, anasogea. Tumesahau kila kitu, hili tu hatukulisahau. Nataka kupasua kioo nipige kelele, mzuieni! Muwe na roho mbaya leo tu!

Mama Pacha yumo, ana kadi yake ya buluu. Amemwona. Nilisema huyu hatampisha, huyu ataficha uso, atamzuia kwa aibu tu. Ameinama. Amesogea ukutani, amempisha na yeye.

Turubai ya lile lori iko wazi kule nyuma, naisikia injini.

Gunia limefika. Wanalikata kamba. Afisa ameweka kikombe chini, anasema tuendelee, tafadhali. Amewaona wanavyompisha bibi yule, anasema kwa lugha yake ya kitabuni kwamba watu wetu wana adabu nzuri sana.

Mbele yake wamebaki wawili, nao wameshaanza kugeuka